Skrubu Inazunguka Bure: Kufufua Matundu ya Sakafu ya Mbao Kwenye Boti

Msimu wa kaskazi uliopita tulikuwa tunarudisha abiria kutoka Mbudya kuja Kunduchi. Mama mmoja aliinuka kumpokea mwanawe, akakanyaga ubao wa tatu kutoka tezini, yaani nyuma ya boti, na kichwa cha skrubu kilichochomoza kama nusu punje ya hindi kikamchana dole gumba. Nilimfunga kitambaa, nikamwomba radhi, na niliona aibu kweli, kwa sababu skrubu ile nilikuwa naijua. Nilishaikaza mara nne. Inazunguka bure, naisukuma kwa kisigino inazama, kesho yake imepanda tena.

Tangu siku hiyo nimefufua matundu zaidi ya 60 kwenye boti yetu na boti mbili za majirani. Nitaeleza kazi yote tangu boti inapopandishwa ufukweni mpaka inaposhuka. Jambo moja nalitanguliza: tundu la sakafu ya boti huliwa na maji kabla halijaliwa na skrubu. Ukilijaza bila kulikausha, na bila kuzuia maji yasirudi, utalirudia masika yajayo.

Kilicholegeza tundu

Skrubu inashika kwa sababu meno yake yamejikita kwenye nyuzi za mbao. Mbao ikilowa inavimba, ikikauka inanywea, na sakafu ya boti inalowa na kukauka kila siku ya Mungu. Ongeza miguu ya watu, makasha ya barafu na mtikisiko wa injini, utaona ubao unavyoivuta skrubu juu na chini kidogo kidogo mpaka tundu linapanuka.

Kama skrubu ni ya chuma cha kawaida, kutu inamalizia. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo inasukuma nyuzi za mbao kutoka ndani. Na chuma kinachooza kwenye mbao mbichi kwa chumvi kinaigeuza mbao yenyewe kuwa nyeusi na laini. Ile skrubu iliyomchana yule mama niliichomoa kwa vidole tu. Katikati ilikuwa imeliwa, nyembamba kama kiuno cha nyigu, na meno yake yamezungukwa na unga mweusi unaopukutika kama mkaa wa vifuu. Huo unga ndio uliokuwa mbao ya taruma, ule mti wa kukingama chini ya sakafu ambao mbao zinafungwa juu yake. Skrubu mpya ungeikaza kwenye nini hapo?

Sababu nyingine tunazileta sisi wenyewe: skrubu fupi, kukaza kwa drili ya umeme mpaka meno yanakata nyuzi, na kutotoboa ubao wa juu tundu la kutosha. Hilo la mwisho nitalirudia, maana mafundi wengi wanaliruka.

Pandisha boti kwa bamvua

Hapa Dar es Salaam maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, na bahari yenyewe inakupa gati la bure. Pandisha boti siku ambayo bamvua imefika kileleni, maji yakiwa yamejaa kabisa, uifunge juu ufukweni. Siku zinazofuata maji yanajaa kwa kimo kidogo zaidi kuelekea maji mafu, boti inabaki mchangani kwa siku kama kumi hivi, mpaka bamvua nyingine ije kuichukua. Muda huo unatosha kazi hii bila haraka. Chagua kaskazi, au miezi ya kiangazi kusi likishatulia. Wakati wa masika usijaribu, utakuwa unafunika na kufunua turubai tu.

Kabla ya kugusa chochote, toa tangi la petroli na mpira wake, chomoa waya za betri, ufungue kila kifuniko ili ngama, yaani uvungu wa chini kabisa wa boti yanakokusanyika maji, ipate hewa. Mvuke wa petroli ni mzito, unatuama chini kabisa, palepale utakapoingiza drili inayotoa cheche. Chota maji yote ngamani uyatoe. Usianze kazi mpaka harufu ya petroli iishe kabisa.

Ng'oa mbao zote za eneo bovu. Ziandike namba kwa penseli upande wa chini, na mshale unaoelekea omo, yaani mbele ya boti. Mbao za sakafu zinafanana sana zikiwa chini na zinakataa kufanana ukianza kuzirudisha.

Skrubu iliyogoma usiivunje. Safisha mfereji wa kichwa kwa msumari, weka bisibisi inayoenea kabisa, igonge kwa nyundo mara mbili tatu, kisha ikaze kidogo kwanza ndipo uifungue. Ule mzunguko mdogo wa kukaza unavunja kutu. Ikigoma bado, pasha kichwa moto kwa chuma cha kulehemu cha umeme dakika mbili, acha ipoe, jaribu tena. Wengi hukimbilia kumwagia mafuta ya kulegezea kutu. Mafuta yanalegeza kweli, ila yanaingia kwenye mbao, na gundi utakayoweka baadaye haitashika hapo. Kama umeshayatumia, utatoboa zaidi mpaka ukute mbao isiyo na mafuta.

Kisha osha. Maji baridi ya bomba, ndoo nzima, kwenye mataruma, matundu na mbao. Chumvi iliyobaki ndani ya mbao inavuta unyevu wa hewa, na mbao yenye chumvi haikauki hata ikae juani wiki. Baada ya hapo acha upepo na jua vifanye kazi siku tatu au nne, ukifunika turubai usiku. Kujua kama imekauka, bandika kipande cha nailoni angavu juu ya taruma kwa tepu pande zote nne jioni. Asubuhi ukikuta ukungu wa maji ndani ya nailoni, subiri tena.

Chokonoa kabla ya kujaza

Chukua bisibisi nyembamba au msumari ulionolewa, sukuma kwa nguvu ya mkono kuzunguka kila tundu, juu na ubavuni mwa taruma. Mbao nzima inakataa, na ukigonga inatoa sauti kavu. Mbao iliyooza inameza ncha, na ukiinua kipande kinavunjika kifupi bila nyuzi. Kama ncha inazama milimita 5 au zaidi mahali pengi, hapo hakuna tundu la kufufua. Taruma linahitaji kukatwa sehemu mbovu, au kupachikwa kipande kizima ubavuni, kikabanwa kwa bolti na gundi, sakafu ishikwe na kile kipya. Usimwage gundi kwenye uozo ukajidanganya kwamba imekuwa jiwe. Gundi itakuwa jiwe, kilichoizunguka kitaendelea kuoza.

Weka alama kwa chaki: duara kwa tundu lililolegea tu, msalaba kwa lililooza. Kwenye boti yetu nilipata maduara 31 na misalaba 5, na misalaba yote ilikuwa tezini, chini ya injini, maji yanapotuama.

Halafu pima kina. Hili nilifundishwa na fundi mzee wa vyombo pale Kunduchi, aliyenikuta nimeshika drili tayari.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, mwanangu. Umepima kwenda chini?"

"Bado."

"Basi weka kekee chini kwanza."

Alichukua waya, akaushusha pembeni mwa taruma mpaka kwenye ubao wa nje wa boti, akaushika kwa kucha, akanionyesha: milimita 62, ukijumlisha na unene wa ubao wa sakafu. Skrubu niliyoinunua ilikuwa ya 75. Ningepita taruma, nikaingia ubao wa chini na kufungua njia ya maji. Kwenye boti za faiba zenye sakafu ya mbao hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu mbao za kushikia sakafu mara nyingi ni nyembamba na chini yake kuna ganda la faiba, waya, pengine bomba la mafuta. Pima kila mahali. Zungushia tepu ya rangi kwenye biti ya drili, kwenye kina unachotaka, na tepu ikigusa mbao, simama.

Njia ya haraka na mipaka yake

Njiti za kiberiti na vijiti vya meno vilivyopakwa gundi nyeupe vinafaa mlango wa kabati la nyumbani. Kwenye boti vinanyonya maji kama utambi, na gundi nyeupe ya kawaida inalainika ikilowa. Kama uko safarini na ubao umechomoza, tumia ufike, kisha urudi ufanye kazi ya kweli.

Skrubu nene zaidi ni jibu halali pale tundu limepanuka kidogo na mbao yake ni nzima, nyeupe au nyekundu kama ilivyozaliwa. Toka milimita 4 nenda 5, au toka namba 8 nenda namba 10. Hakikisha taruma lina upana wa kuibeba, maana skrubu nene karibu na ukingo inapasua. Unaweza kufanya hivyo mara moja tu kwenye tundu lilelile.

Kuhamisha tundu pia kunaruhusiwa. Sogea sentimita 4 au 5, na usikae kwenye mstari uleule wa nyuzi za mbao, taruma litachanika kufuata mstari. Tundu la zamani lazima lizibwe hata kama halitumiki, vinginevyo umeacha kikombe cha kukusanyia maji katikati ya taruma.

Kujaza kwa epoksi

Hii ndiyo njia ninayoiamini, na hapa ndipo makosa mengi yanapotokea, kwa hiyo nenda taratibu.

Kosa la kwanza ni dukani. Resini ya kutengenezea faiba, ile inayochanganywa na matone ya dawa ya kugandisha yenye harufu kali, ni poliesta. Ni rahisi kupatikana na ni nafuu, na mafundi wa faiba watakupa hata kopo la bure. Poliesta haishiki vizuri kwenye mbao, na inanywea inapoganda, kwa hiyo inajitenga na kuta za tundu na kuacha ufa mwembamba usiouona. Unachotaka ni epoksi ya makopo mawili, resini na kigandishi. Soma kipimo kwenye kopo: nyingine ni moja kwa moja, nyingine mbili kwa moja, nyingine tano kwa moja. Kuongeza kigandishi hakuharakishi kitu, kunaharibu mchanganyiko, utabaki unanatanata milele.

Tanua tundu mara mbili ya unene wa skrubu. Kwa skrubu ya milimita 5, toboa milimita 10, na kina kipite kidogo urefu wa skrubu itakapoishia, bila kusahau waya wa mzee. Biti itatoa unga: mweusi kwanza, kisha rangi halisi ya mbao. Kama bado ni mweusi, panua hadi 12. Puliza vumbi kwa mrija ukiwa umevaa miwani. Kama mbao ni mtiki, ambao una mafuta yake ya asili, futa ndani kwa asetoni na usubiri ikauke.

Changanya kidogo. Joto letu la nyuzi 30 linafupisha muda wa kazi sana, na epoksi ikirundikana kwenye kikombe inajipasha yenyewe, inachemka, inatoa moshi. Nimeshashika kikombe kilichoniunguza. Changanya kinachotosha matundu sita au saba, ukikoroga dakika mbili kamili huku ukikwangua pembe, kisha mimina kwenye sahani pana ili itulie bila kupata moto. Vaa glavu. Epoksi inayogusa ngozi mara kwa mara inaweza kukuachia mzio usioisha, na kunawa kwa thina kunaisukuma ndani zaidi. Ikikugusa, futa kwa kitambaa, kisha sabuni na maji.

Kwanza paka tundu kwa epoksi nyepesi, isiyo na kitu kingine, kwa brashi ndogo au kijiti kilichofungwa pamba. Subiri dakika kumi. Utaona mbao imeinywa na kuta zimekauka tena. Paka mara ya pili. Hii ndiyo hatua inayofunga njia ya maji, kwa sababu epoksi imeingia ndani ya nyuzi. Ukiiruka, umetengeneza kizibo kilichokaa tu tunduni.

Sasa kwenye epoksi iliyobaki ongeza unga laini wa mbao, ule unaotoka kwenye msasa. Maranda ya randa ni makubwa mno. Pale Keko mafundi wa samani wanao kwa magunia. Ongeza mpaka iwe nzito kama siagi ya karanga: ukiinua kijiti inasimama, haidondoki. Ijaze kwenye bomba la sindano lisilo na sindano, lenye kipande cha mrija mbele, ufikishe mrija chini kabisa ya tundu na kujaza ukipanda. Ukijaza kutoka juu unafungia hewa, na hewa hiyo utaikuta siku skrubu inapozama ghafla. Acha ivimbe kidogo juu.

Kabla haijaganda, kagua mifereji midogo iliyo chini ya mataruma, inayopeleka maji ngamani. Epoksi iliyotiririka humo itazuia maji, na maji yaliyotuama yatakuozeshea taruma jipya. Toa yote kwa kijiti.

Iache saa 24, ikiwa imefunikwa. Kesho yake osha kwa maji na sifongo, maana baadhi ya epoksi zinatoa utando wa mafutamafuta juu zinapoganda, kisha kwangua kwa patasi na msasa mpaka iwe sawa na taruma.

Kwa mahali panapobeba uzito mkubwa napendelea kizibo cha mbao ndani ya epoksi. Tafuta mabaki ya mninga, mvule au mbao ileile ya taruma. Vile vijiti vya duara vinavyouzwa tayari vimekatwa kwa urefu wa nyuzi, na skrubu inayoingia sambamba na nyuzi inashika kwa udhaifu. Kata kizibo chako ili nyuzi zipite kukingama, zilale uelekeo mmoja na nyuzi za taruma. Paka epoksi tunduni na kwenye kizibo, kigonge polepole kiingie, kisha kata kichwa kwa patasi.

Skrubu na kutoboa

Skrubu za chuma cha pua za daraja 316 ndizo zinazostahimili maji ya chumvi vizuri zaidi ya 304. Nenda dukani na sumaku. Sumaku ikinata kwa nguvu, hiyo si 304 wala 316, na mara nyingi ni chuma kilichopakwa tu. Sumaku haitakutofautishia 304 na 316, lakini itakuokoa na udanganyifu mkubwa. Mimi niliuziwa pakiti Kariakoo kwa kuapiwa kuwa ni chuma cha pua. Ndani ya wiki tano vichwa vilikuwa vinatoa machozi ya kahawia. Shaba ya njano inapendeza lakini chumvi inanyonya zinki yake, inageuka waridi na kukatika kama chaki. Na usichanganye metali kwenye ubao mmoja, moja itaila nyingine.

Urefu uwe kama mara mbili na nusu ya unene wa ubao. Ubao wa milimita 20, skrubu ya 50.

Sasa lile nililoahidi. Ubao wa juu utobolewe tundu ambalo skrubu inapita bila kushika, milimita 5 au 5 na nusu kwa skrubu ya 5. Taruma litobolewe tundu dogo la milimita 3 na nusu, ambalo meno yatajikita. Ukitoboa yote kwa biti moja, meno yanashika ubao na taruma kwa pamoja, na ubao unabaki umening'inia juu ya taruma kwa nafasi ya karatasi mbili. Hiyo nafasi ndiyo inayolia "kwii" mtu akikanyaga, na ndiyo inayoivuta skrubu mpaka tundu linakufa. Chimbia kichwa kizame chini ya uso wa ubao.

Paka matundu ya ubao epoksi nyepesi pia, na ncha zote za ubao zilizokatwa, kwa sababu ncha zinakunywa maji kuliko mahali pengine popote. Paka na upande wa chini. Epoksi ya upande wa juu ifunike kwa vanishi ya boti au rangi, jua letu linaila.

Sugua meno ya skrubu kwa mshumaa. Weka tone la mastiki ya boti, ile ya kuzibia maji, chini ya kichwa. Kaza kwa bisibisi ya mkono. Utasikia skrubu inakuwa nzito, kichwa kinakaa, ongeza robo ya mzunguko, acha. Raha ya kuhisi skrubu iliyokuwa inazunguka bure ikikataa mkono wako ni kubwa kuliko ninavyoweza kueleza.

Kifuniko cha ngama kinachofunguliwa kila siku usikiwekee skrubu za mbao kabisa, utakuwa unatengeneza tundu lilelile kila mwaka. Weka bolti na nati iliyozamishwa kwenye epoksi upande wa chini, meno yake ukiyapaka nta yasigande. Vivyo hivyo miguu ya viti: bolti ipite chini ya ubao ikabanwe na washa pana au kipande cha mbao.

Ukimaliza, chora mstari mwembamba wa rangi isiyofutika, uanzie kwenye kichwa cha skrubu uvuke mpaka kwenye ubao. Kwenye boti yetu kila skrubu inao. Asubuhi kabla abiria hawajapanda napita na tochi kutoka omo hadi tezi, inanichukua dakika tatu. Mstari uliovunjika unaonyesha skrubu iliyoanza kuzunguka, na hiyo naishughulikia siku hiyohiyo.